Fulana za Ubingwa wa NBA: Jinsi ya Kuzisaka, Kuzikagua na Kuzitunza

Fulana ya kwanza niliyoinunua kwa pesa ya maana ilikuwa ya Houston Rockets, mabingwa wa 1994 wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Kitambaa kilikuwa kimepauka inavyotakiwa, shingo imelegea kidogo, maandishi yamepasukapasuka. Nilikaa nayo wiki tatu nikimwonyesha kila aliyebisha hodi. Siku moja nikatazama marudio ya mchezo wa saba wa fainali ile, Rockets dhidi ya New York Knicks, moyo ukanishuka. Jezi ya Hakeem Olajuwon, nyota wa Rockets, ni nyeupe yenye nyekundu na njano. Kwenye fulana yangu kulikuwa na roketi iliyochorwa uso wa papa, rangi ya buluu nzito. Nembo hiyo timu iliianza msimu wa 1995-96, mataji yote mawili yakiwa tayari kabatini. Juni 1994 hakuna aliyekuwa nayo wa kuichapa.

Muuzaji alikuwa amenipiga, na mimi nilikuwa nimemsaidia. Nilikagua lebo, nikakagua mshono, sikukagua historia. Tangu hapo nafanya kinyume: naijua fainali kwanza, ndipo naitafuta fulana yake. Lebo inaweza kukatwa kwenye nguo moja ikashonwa kwenye nyingine, na kitambaa kinaweza kupaushwa kwa makusudi. Lakini anayetengeneza feki mara nyingi hajawahi kuutazama mchezo wenyewe, na hapo ndipo anaponaswa.

Hatua ya kwanza: chagua fainali

Usianze kwa kutaka "fulana za zamani za NBA". Hiyo ni bahari. Chagua timu moja au kipindi kimoja, ukijue mpaka uweze kukisimulia bila kuangalia simu.

Wengi hukimbilia Chicago Bulls, na si ajabu: mataji sita, 1991 hadi 1993 kisha 1996 hadi 1998, na Michael Jordan ndani ya yote. Fulana zake zilichapwa kwa wingi mno, kwa hiyo zipo. Feki nazo ni nyingi kuliko za timu nyingine yoyote, maana jina la Jordan ndilo linalouza. Mimi siwashauri wageni waanzie hapo.

Miaka ya 1980 ni ya Los Angeles Lakers na Boston Celtics. Kati ya fainali kumi za 1980 hadi 1989, Lakers walicheza nane na kushinda tano. Celtics walishinda tatu. Yaliyobaki mawili yalikwenda kwa Philadelphia 76ers mwaka 1983 na Detroit Pistons mwaka 1989. Ukipenda uhasama wa kweli kati ya timu mbili, zama hizo zitakutosha maisha yote.

Ukirudi nyuma zaidi unaingia kwenye adimu: Portland Trail Blazers 1977, Washington Bullets 1978, Seattle SuperSonics 1979. Fulana zilizobaki ni chache, na nyingi ni za pamba iliyochanganywa na poliesta, nyepesi kama leso. Ya Seattle ina uchungu wake. Timu ilihamishiwa Oklahoma City mwaka 2008, na lile ndilo taji pekee la NBA ambalo mji ule uliwahi kulishangilia. Mwenye nayo haachii kirahisi.

Kwa anayeanza, mimi humwelekeza kwa Pistons (1989 na 1990) au Rockets (1994 na 1995). Mataji mawilimawili, simulizi fupi, wachezaji wachache wa kukariri, na bei haijapanda kichaa kama ya Bulls.

Tuwachukue Rockets tuone kuijua fainali kuna maana gani. Mwaka 1994, raundi ya pili, walipoteza michezo miwili ya mwanzo nyumbani kwao mbele ya Phoenix Suns, na yote miwili walikuwa wakiongoza kwa pengo kubwa. Gazeti la mjini likawaita "Choke City", yaani mji wa wanaokabwa na woga dakika za mwisho. Wakageuza mambo, wakashinda mfululizo ule (wa kwanza kufikisha ushindi nne ndiye anayesonga mbele) kwa michezo saba, na jina likageuzwa nalo: "Clutch City", mji wa wasiotetereka. Mwaka uliofuata waliingia mtoano wakiwa wa sita Kanda ya Magharibi, wameshinda michezo 47 tu, Clyde Drexler ameletwa kutoka Portland Februari msimu ukiwa katikati. Wakawaondoa Utah, wakawaondoa Suns baada ya kuwa nyuma 3-1, wakawatoa San Antonio, kisha wakawafagia Orlando Magic 4-0. Sasa ukikutana na fulana yenye maneno "Clutch City" unajua si kauli ya matangazo tu. Ni tusi lililorudishwa kwa aliyelitoa. Na unajua pia kwamba fulana ya ubingwa wa 1994 yenye picha ya Drexler haiwezekani.

Kabla ya kununua chochote, tazama walau mchezo wa mwisho wa fainali uliyochagua. Andika rangi za jezi, nembo, kocha, kikosi, matokeo ya mfululizo na mchezaji bora wa fainali. Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya pili: ijue aina ya fulana iliyo mkononi

Zipo za chumba cha kubadilishia nguo. Hizi ndizo wachezaji huvishwa palepale uwanjani filimbi ikilia, pamoja na kofia. Kwa kuwa hakuna ajuaye nani atashinda, huandaliwa za pande zote mbili. Kumbuka mchezo wa sita wa fainali za 2013: San Antonio Spurs wanaongoza mfululizo 3-2, wafanyakazi wa uwanja wa Miami wameshaanza kuleta kamba za njano za kuzungushia sherehe, kisha Ray Allen anatupa ya pointi 3 ikiwa imebaki sekunde 5.2 na kusawazisha. Miami Heat wakashinda muda wa nyongeza, kisha wakashinda mchezo wa saba. Fulana zozote za Spurs mabingwa wa 2013 zikawa nguo za tukio ambalo halikutokea. Za namna hiyo hazitakiwi kufika sokoni, kwa hiyo anayekuambia anayo mwulize aliipataje, usikubali jibu la juujuu.

Kundi kubwa zaidi ni fulana za mashabiki zenye leseni ya ligi: Starter, Salem Sportswear, Nutmeg Mills, Logo 7, Champion. Salem wana nafasi ya pekee kwa wakusanyaji kwa sababu ya katuni zao, wachezaji wenye vichwa vikubwa na miili midogo, za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990. Mimi ni mdhaifu kwa katuni hizo, nakiri.

Kisha kuna za mtaani, zilizochapwa bila leseni na kuuzwa nje ya uwanja na wachuuzi usiku ule ule wa ushindi. Wino mwepesi, majina yamekosewa, sura ya mchezaji inafanana na mjomba wa mtu. Usizitupe. Fulana ya mtaani ya 1991 ni ya zamani kweli na ina wapenzi wake. Usiichanganye na feki ya leo inayojifanya ya 1991.

Mwisho ni matoleo mapya ya kampuni halali kama Mitchell & Ness ya Philadelphia, inayochapa upya michoro na mitindo ya zamani. Hayo ni mavazi mazuri ya kuvaa. Tatizo ni pale mtu anapokata lebo na kukuuzia kama ya wakati ule.

Hatua ya tatu: soma lebo bila kuiamini kupita kiasi

Jambo la kwanza linalowachanganya wengi: lebo ya shingoni mara nyingi ni ya aliyetengeneza fulana tupu, siyo ya aliyeichapa. Utaona Screen Stars, Hanes au Tultex, kumbe mchapaji ameandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha, pembeni ya alama ya hakimiliki na mwaka. Tafuta mstari huo mdogo. Mwaka wa hakimiliki ukiwa wa baadaye kuliko mwaka wa ubingwa, tuseme ubingwa wa 1991 na hakimiliki ya 1996, hiyo ni bidhaa ya kumbukumbu iliyotoka baadaye.

Herufi RN na namba yake ni usajili wa kampuni kwenye Tume ya Biashara ya Marekani. Zinakuambia kampuni, hazikuambii mwaka wa fulana. Kila wiki naona mtu akidai "RN hii ni ya 1985". Siyo.

Vinavyosaidia kweli ni mabadiliko ya sheria na ya biashara. Mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Mexico na Kanada ulianza 1 Januari 1994, na kuanzia hapo lebo zinazotaja Mexico zinaongezeka sana. Maelekezo ya kufua kwa alama tupu, bila maneno, yaliruhusiwa Marekani tangu 1997. Kwa hiyo fulana "ya 1989" yenye vialama vya beseni na pasi bila neno hata moja inajishtaki yenyewe. Salem ilinunuliwa na Fruit of the Loom mwaka 1993. Starter ilifilisika 1999, na jina lake likaendelea mikononi mwa wengine.

Lebo iliyokatwa haimaanishi feki. Watu walizikata kwa sababu zilikuwa zikiwasha shingo.

Hatua ya nne: mshono, wino na kitambaa

Ipeleke fulana dirishani mchana, siyo chini ya taa. Geuza mkono wake, tazama upindo upande wa nje. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi umezunguka, huo ni mshono wa mstari mmoja, uliokuwa wa kawaida hadi katikati ya miaka ya 1990. Mistari miwili sambamba ni ya baada ya hapo. Lakini viwanda havikugeuka siku moja: fulana ya 1992 yenye mistari miwili ipo, na mikono inaweza kuwa na mmoja huku upindo wa chini una miwili. Chukua mshono kama shahidi mmoja, siyo hakimu. Wajanja hununua fulana tupu za zamani, zenye mshono halisi na lebo halisi, wakachapa juu yake jana.

Ndiyo maana wino ni muhimu kuliko mshono. Wino wa zamani hupasuka mahali nguo inapokunjika: kifuani katikati, juu ya tumbo, kwenye mikunjo ya kabatini. Mpasuko wa kuigiza umetapakaa sawasawa kila mahali kama wavu. Kisha lete jicho karibu kabisa. Kwenye fulana iliyozeeka pamoja na picha yake, vinyweleo vya pamba vimechomoza kupitia nyufa za wino. Kwenye iliyochapwa juzi, wino umelala juu ya vinyweleo na kuvibana. Ukishaliona hilo mara moja hulisahau.

Ya mwisho hapa ni kuoza, na hasa nyeusi. Rangi nyeusi zenye salfa, zikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, huzalisha asidi inayokula pamba. Fulana inaonekana nzima, hata nzuri, ukiivuta inachanika kama gazeti. Jaribu kwenye upindo wa chini: shika kwa vidole viwili vya kila mkono, vuta taratibu. Pamba yenye afya inanyooka na kurudi. Iliyooza inatoa mlio mdogo mkavu, na hapo umeshachelewa. Kwa hiyo kabla ya kununua kwa mbali, mwombe muuzaji afanye jaribio hilo yeye na akuandikie matokeo.

Kuna wanaochoma uzi kwa kiberiti kujua kama ni pamba au poliesta. Mimi sichomi nguo yenye miaka 35.

Hatua ya tano: ipeleke fulana mbele ya historia

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na hapa ndipo uhondo ulipo.

Anza na sura. Katuni za Pistons za enzi ya "Bad Boys", jina la utani la kikosi hicho, huwa na kundi zima: Isiah Thomas, Joe Dumars, Bill Laimbeer, Dennis Rodman, Rick Mahorn. Mahorn alishinda taji Juni 1989, na siku chache tu baadaye timu ikampoteza kwa Minnesota Timberwolves katika mgao wa wachezaji kwa timu mpya. Akiwa ndani ya picha, fulana ni ya 1989. Picha ya kikosi cha ubingwa wa 1990 yenye Mahorn ina maswali ya kujibu.

Rodman huyohuyo ni mtego kwa Bulls. Alijiunga nao msimu wa 1995-96, ule wa ushindi 72 na vipigo 10. Horace Grant aliondoka kwenda Orlando mwaka 1994. Kwa hiyo Grant ni wa mataji matatu ya kwanza, Rodman ni wa matatu ya mwisho, na hakuna kikosi cha ubingwa wa Bulls chenye wote wawili. Nimeshaona fulana ya "1992" ambayo Rodman amesimama nyuma ya Jordan, nywele zimepakwa rangi. Muuzaji alikuwa na uso mkavu kabisa.

Kisha nembo. Ya Bulls haikusaidii sana, haijabadilika tangu 1966. Pistons walipata farasi wenye manyoya ya moto na rangi ya kijani-buluu mwaka 1996, kwa hiyo farasi huyo hana kazi kwenye mataji ya 1989 na 1990. Bullets wakawa Wizards mwaka 1997. Spurs wanawadanganya watu kwa upande wa pili: fulana ya ubingwa wao wa kwanza, 1999, inaweza kuwa na nembo yenye waridi, chungwa na kijani-buluu, na mgeni akaikataa akidhani Spurs ni nyeusi na fedha tu. Rangi zile zilikaa kwenye nembo hadi 2002. Ni halali, tena nzuri.

Kisha maneno. Lakers walipotwaa taji la 1987, kocha Pat Riley alisimama kwenye sherehe akaahidi watalirudia. Wakalirudia 1988, wa kwanza kutetea ubingwa tangu Celtics ya 1969. Kwa la tatu mfululizo, Riley akaliwekea alama ya biashara neno "Three-Peat" kwa ajili ya fulana na kofia. Pistons wakawafagia 4-0. Lakini Bulls walipochukua la tatu 1993, neno lilikuwa bado mali yake, na Riley, ambaye wakati huo alikuwa kocha wa Knicks waliotolewa na Bulls hao hao, akapata mgao wa mauzo. Shika fulana yoyote ya 1993 yenye neno hilo, uwaze kwamba aliyeshindwa alilipwa kwa ushindi wa waliomshinda.

Au 76ers wa 1983. Moses Malone alipoulizwa mtoano utakwendaje alijibu "Fo', fo', fo'", yaani ushindi mara nne kila raundi bila kupoteza. Wakapoteza mchezo mmoja, kwa Milwaukee. Pete zao za ubingwa zikaandikwa "Fo', five, fo'", yaani nne, tano, nne. Ukikutana na fulana yenye namba hizo, sasa unazisoma.

Hatua ya sita: kununua

Kwenye eBay usitazame bei wanazoomba. Chuja uone zilizouzwa kweli. Muuzaji anaweza kuandika dola 300 na fulana ikakaa miaka miwili. Tazama tano au sita zinazofanana zilizouzwa, ndipo utoe bei yako. Grailed na Depop, masoko mengine ya mtandaoni, kuna vitu vizuri pia, ila huko unalipia na jina la mtindo. Usidharau maduka ya hisani na mauzo ya vitu vya nyumbani katika miji ya timu husika. Fulana ya Pistons ilinunuliwa Detroit, na mara nyingi bado iko Detroit, kwenye sanduku la mtu.

Omba picha za mbele, nyuma, lebo pande zote mbili, upindo wa mkono, mstari wa hakimiliki, makwapa, na kila tundu. Asiyetaka kupiga picha ya upindo ana sababu. Omba pia vipimo: kwapa hadi kwapa, na kutoka bega hadi upindo wa chini. Herufi ya saizi isikudanganye, kwa sababu XL ya 1988 iliyofuliwa mara 200 inaweza kukubana kama M ya leo.

Doa dogo au tundu la upindoni hupunguza bei kuliko linavyopunguza thamani ya kuwa nayo. Mimi huzitafuta hizo kwa makusudi.

Hatua ya saba: kufua na kutunza

Fua kwa mkono, maji ya baridi, fulana imegeuzwa ndani nje, sabuni kidogo. Harufu ya kabati huondoka kwa kuloweka nusu saa kwenye maji yenye siki nyeupe. Jiki ya klorini usiiguse. Manjano ya kwapa jaribu dawa ya oksijeni, na ujaribu upindoni kwanza. Usikamue kwa kusokota. Anika ikiwa imelazwa juu ya taulo, kivulini. Mashine ya kukaushia huua wino kuliko miaka 30 ya kuvaliwa, na pasi ikigusa picha moja kwa moja wino utabaki kwenye pasi.

Kabatini zikunje kwa kulaza, usitundike. Hanga huvuta mabega na shingo. Kati ya fulana na fulana weka karatasi laini isiyo na asidi ili wino usigandane. Epuka mifuko ya plastiki iliyofungwa, kwa sababu unyevu ukinaswa humo, zile nyeusi ndizo za kwanza kuoza.

Hatua ya nane: daftari

Kila fulana ipewe ukurasa: imetoka wapi, kwa bei gani, vipimo, kasoro, na fainali yake kwa mistari michache. Siku ukiuza au ukirithisha, ukurasa huo unakwenda na fulana. Huu ni mmoja wangu, kama ulivyo:

"Detroit Pistons, mabingwa 1990. Nyeupe, L, mshono wa mstari mmoja mikononi na chini. Sm 53 kwa 70. Lebo imekatwa. Fainali dhidi ya Portland, 4-1. Mchezo wa tano Portland, 14 Juni, 92-90. Vinnie Johnson, mtupo wa ushindi ikiwa imebaki sekunde 0.7, tangu hapo wakamwita 007. Mchezaji bora Isiah Thomas. Mahorn hayupo kwenye picha, sawa. Tundu dogo kwapa la kushoto. Usilishone."